Fadhila na Dhamana: Historia ya Ufadhili wa Utafiti wa Uzamivu katika Sanaa za Afrika Mashariki



Kila mwaka wanafunzi wetu hujaza fomu za kuomba nafasi za uzamivu zenye ufadhili katika sanaa bunifu: ushairi, ngoma, maigizo, muziki, uchongaji na, siku hizi, filamu. Wengi huzichukulia fomu hizo kuwa karatasi za ofisini tu. Katika mhadhara huu nakusudia kuonyesha kwamba zina historia ya zaidi ya miaka 100, na kwamba historia hiyo imo bado ndani ya maswali yanayoulizwa. Hoja yangu ni kuwa tangu utafiti wa sanaa zetu ulipoanza kulipiwa, fedha imemtambua anayeandika kuhusu sanaa na kumpita kando yule anayeitenda. Mwombaji wa leo ana nafasi ya kulirekebisha jambo hilo, na nafasi yenyewe imo katika andiko lake la maombi.

Niruhusuni nianze na maneno, kwa kuwa mimi ni mwanaisimu na sina mlango mwingine wa kuingilia. Mtoa fedha tunamwita ama mfadhili ama mdhamini, na katika magazeti maneno haya hupokezana nafasi pasipo mtu kushtuka. Asili zake, hata hivyo, ni mbili. Mfadhili ametokana na fadhila: ni mtu atendaye wema ambao halazimiki kuutenda, na aliyefadhiliwa hubaki na deni la shukrani. Wahenga walikwisha kutuonya kuhusu punda na mateke yake. Mdhamini ametokana na dhamana: huyu amejifunga kwa ajili ya mwingine, na jambo likiharibika naye huharibikiwa. Ruzuku, kwa upande wake, ni ndugu wa riziki. Mpokeaji tumempa neno moja tu, maombi, ambalo hutumika msikitini, kanisani na katika ofisi ya mikopo. Uzamivu wenyewe umetokana na kuzama. Vijana wa bandarini nao wana mzamiaji, yule ajifichaye ndani ya meli apate kufika Ulaya bila nauli, na nimewahi kukutana na waombaji walioyachukua maneno hayo mawili kuwa jambo moja.

Tuje sasa kwenye historia. Kabla ya karne ya 20 kazi ya kukusanya mashairi ya Kiswahili ililipiwa hasa na makanisa na serikali za kikoloni. Mmishenari W. E. Taylor alipokuwa Mombasa katika miaka ya 1880, tungo za Muyaka alizipata kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, mwenyeji aliyezijua na kuweza kuzifafanua. Taylor alikuwa na mshahara wa misheni. Diwani ya Muyaka ilipotoka Johannesburg mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens, wote wawili, Taylor na Sikujua, walikuwa wamekwisha kufariki.

Kisa kinachostahili kukaliwa zaidi ni cha Lamu. Kati ya mwaka 1911 na 1913 Alice Werner alikuwa Afrika Mashariki kwa msaada wa masomo ya safari uitwao Mary Ewart, uliotolewa na Chuo cha Newnham, Cambridge. Huu ndio mfano wa mapema ninaoujua wa ufadhili wa kitaaluma, usio wa kanisa wala wa serikali, ulioleta matunda makubwa katika fasihi ya Kiswahili. Lamu alikutana na Muhamadi Kijuma: mshairi, mwandishi wa hati, mchongaji mbao, mwanamuziki na fundi wa ngoma. Mwaka 1913 Kijuma aliuandika Utendi wa Liyongo, na katika miaka ya 1920 Werner aliuchapisha London, alikokuwa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu. Baadaye walifuata wengine. Hichens aliandikiana na Kijuma kutoka mbali. Ernst Dammann alifika Lamu mwaka 1936. Kijuma aliwaandikia wote kwa ujira. Ndiyo maana leo hati za mkono wake zinasomwa London na Ujerumani.

Tuitazame kazi yenyewe. Kijuma alitafuta tungo za kale, alizinakili kwa hati safi, na aliongeza maelezo ya maneno magumu kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Ukusanyaji, unakili na ufafanuzi: mwanafunzi wa uzamivu akiyafanya hayo leo huyaita data na uchambuzi, na hutunukiwa shahada. Kijuma alilipwa kwa hati, Werner alilipwa kwa mradi, na tofauti hiyo si ya kiasi cha fedha peke yake. Mwenye kulipwa kwa mradi hupewa muda wa kufikiri na haki ya kuuliza swali lake mwenyewe. Mwenye kulipwa kwa hati hujibu swali la mwingine. Sitaki nimfanye Kijuma mnyonge, kwani hakuwa hivyo. Alilijua soko lake, aliwahudumia wateja wengi, na hati zake zina jina lake. Lakini shahada ya uzamivu iliyohusu maisha na kazi zake, ile ya Mohamed Ibrahim Abou Egl katika Chuo Kikuu cha London, ilitolewa mwaka 1983, miaka 38 baada ya Kijuma kuiaga dunia. Kitabu kikubwa cha maandishi yake kilichohaririwa na Gudrun Miehe na Clarissa Vierke kilitoka mwaka 2010.

Mwaka 1926 iliundwa London Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, na fedha za Rockefeller zikaiwezesha katika miaka ya 1930 kuwapa watafiti vijana misaada ya kwenda kuishi uwandani. Kilichotafutwa zaidi kilikuwa mabadiliko ya jamii chini ya ukoloni. Ngoma na nyimbo ziliingia kama ushahidi wa mabadiliko hayo. Kwa haki yake, taasisi hiyo iliendesha pia mashindano ya uandishi katika lugha za Kiafrika, na hapo Mwafrika alitambuliwa kuwa mtunzi. Zawadi, hata hivyo, ni fedha ya kazi iliyokwisha kufanyika. Ufadhili wa utafiti ni fedha ya kazi ambayo haijafanyika bado, na humtaka mtoaji amwamini mpokeaji. Kwa kiwango cha uzamivu, imani hiyo ilikuwa haba sana kwa Waafrika wakati ule.

Uhuru uliibadilisha hali, na ulikuja wakati mataifa makubwa yakishindana kuwavuta wasomi wetu. Mpango wa ufadhili wa masomo wa Jumuiya ya Madola uliasisiwa mwaka 1959; Marekani ilikuwa na Fulbright tangu 1946; nchi za Mashariki nazo zilifungua milango yao. Ebrahim Hussein, ambaye tamthilia yake Kinjeketile ilichapishwa mwaka 1969, alikwenda Berlin Mashariki na mwaka 1975 akakamilisha katika Chuo Kikuu cha Humboldt tasnifu kuhusu maendeleo ya maigizo katika Afrika Mashariki. Amandina Lihamba alihitimu Leeds mwaka 1985 kwa tasnifu kuhusu siasa na maigizo Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Mwaka huohuo Euphrase Kezilahabi alihitimu Wisconsin kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kuifasiri fasihi. Nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimtunuku Penina Muhando mwaka 1983 kwa kazi kuhusu maigizo ya jadi ya Wakaguru kama chombo cha elimu, na M. M. Mulokozi mwaka 1986 kwa kazi kuhusu tendi za Wahaya zinazoghaniwa kwa nanga.

Ziangalieni mada hizo tano. Waliosomea ng'ambo waliandika juu ya taifa, historia ya fani na nadharia. Waliosomea nyumbani waliandika juu ya sanaa inayotendwa vijijini. Nisingependa kuifanya hii kanuni. Farouk Topan aliandika London, mwanzoni mwa miaka ya 1970, juu ya nyimbo za pepo za Mombasa, na Kitula King'ei aliandika Washington, katika Chuo Kikuu cha Howard, juu ya nyimbo za taarabu nchini Kenya, mwaka 1992. Hata hivyo mwelekeo unaeleweka kwa sababu ya kawaida kabisa, nayo ni nauli. Aliye Leeds ana maktaba karibu na mwimbaji mbali. Aliye Dar es Salaam anaweza kurudi kwa mpiga nanga mara ya pili na ya tatu, kumuuliza kwa nini leo beti zimepungua. Sanaa ya kutendwa haisomeki kwa ziara moja.

Jambo la pili ni lugha. Tasnifu zote tano ziliandikwa kwa Kiingereza, pamoja na zile mbili za Dar es Salaam, ilhali waandishi wake walikuwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa nathari, tamthilia na ushairi wa Kiswahili. Mtu aliyeandika Nagona asingeshindwa kuandika falsafa kwa Kiswahili. Ilikuwa ni kanuni ya shahada, si uwezo wa lugha.

Kisha ikaja dhiki. Mwaka 1986 Benki ya Dunia ilitoa andiko lililozihimiza nchi maskini zipunguze ruzuku ya elimu ya juu na kuelekeza fedha katika shule za msingi. Vyuo vyetu, ambavyo vilikuwa na upungufu hata wa karatasi, vilielemea zaidi kwa wafadhili wa nje, na wafadhili hao walikuwa na ajenda zao: afya, jinsia, mazingira, utawala bora. Ajenda hizo si mbaya. Lakini mtafiti wa ngoma alijikuta akilazimika kueleza ngoma inafaa kwa kitu gani kingine. Vicensia Shule, katika tasnifu yake ya Mainz ya mwaka 2010, ameuchunguza kwa kina uhusiano huo baina ya maigizo ya Tanzania, uliberali mamboleo na misaada ya nje. Wanafunzi wangu wanajua kwamba simruhusu mtu aombe fedha za kutafiti maigizo kabla hajaisoma.

Miaka ya karibuni imeleta nafuu. Shule ya uzamili na uzamivu ya masomo ya Afrika ilianzishwa Bayreuth mwaka 2007, na watu wetu wamepita huko. Mwaka 2008 ulianza mpango wa fani za ubinadamu barani Afrika uliolipiwa na Carnegie, ambao Tanzania na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi zake tano, na ambao uliwasaidia watu kumaliza tasnifu wakiwa katika vyuo vyao wenyewe. Aidha, tasnifu za uzamivu kwa Kiswahili sasa zinaandikwa, Dar es Salaam na kwingineko.

Nimekaa katika kamati za kusoma maombi kwa miaka mingi, na sehemu inayonitia shaka daima ni ile inayotaka mwombaji aonyeshe "pengo la maarifa". Mwombaji huandika kwamba fani fulani haijulikani. Haijulikani na nani? Manju wa ngoma hiyo anaijua, babu yake aliijua, na wacheza ngoma wanajua mara moja mgeni anapokosea hatua. Pengo lililopo ni la rafu za maktaba. Sentensi iliyo sahihi ni kwamba fani hiyo haijaandikwa, na ikishaandikwa hivyo, swali la pili huja lenyewe: nani anaijua, na atakuwa na nafasi gani katika utafiti huu? Katika maombi mengi niliyosoma, huyo hutajwa kama mmoja wa watoa taarifa 30, kwa umri na jinsia.

Hapo ndipo kanuni za maadili ya utafiti, ambazo naziheshimu, zinapotuponza. Zimetungwa kwa kumfikiria mgonjwa, ambaye jina lake lazima lifichwe. Msanii si mgonjwa. Katika utamaduni wa tendi mtunzi hujitaja kwa jina katika beti za mwisho, na pengine hutaja ukoo na mji wake. Ukimfanya mtu huyo kuwa "Mtoa Taarifa wa 7" hujamlinda. Umembandua katika kazi yake. Kwa hiyo hati ya ridhaa impe msanii hiari ya kutajwa, na mwombaji alieleze hilo waziwazi ili kamati isidhani kwamba amesahau.

Kuhusu lugha, mwombaji azitumie istilahi za wenye fani. Akitafiti taarabu, maneno ya waimbaji na wapigaji yatangulie. Nadharia ya kigeni ije baadaye, ikiwa ina kazi. Na aseme nakala za sauti na picha zitawekwa wapi. Si busara kwa mjukuu wa Lamu kuomba nauli ya kwenda London akasome kilichoandikwa Lamu.

Limebaki jedwali la bajeti. Kwa kawaida lina mistari ya nauli, malazi, vifaa na msaidizi wa utafiti. Mstari wa ujira wa fundi mara nyingi haumo, au umefichwa chini ya "mengineyo" pamoja na soda. Nawasihi wanafunzi wauweke peke yake: siku ngapi, kwa kiwango gani, na kwa kazi ipi, kama ni kuimba, kufafanua au kusahihisha nakala. Mfadhili akiufuta, itakuwa imejulikana ni nani aliyeufuta.