Parapanda Mtaani: Historia ya Imani ya Unyakuo Dar es Salaam

Miongoni mwa mafundisho ya Kikristo yanayosikika katika mikutano ya injili ya Dar es Salaam, fundisho la unyakuo lina umri mdogo kuliko wengi wanavyodhani, ingawa maneno yanayolibeba yamezama katika Kiswahili kana kwamba yalizaliwa nacho. Unyakuo ni imani kwamba waumini wa Kristo walio hai, pamoja na wale waliofariki katika imani, watachukuliwa ghafla kumlaki Bwana wao mawinguni; na katika tafsiri iliyoenea zaidi miongoni mwa Wapentekoste, tukio hilo litatangulia dhiki kuu, yaani miaka 7 ya mateso chini ya Mpinga Kristo, ambayo itafuatwa na utawala wa Kristo wa miaka 1,000. Namna fundisho hili lilivyofika katika mitaa inayozunguka soko la Kariakoo, na namna lilivyopokelewa huko, ni sehemu ya historia ya jiji inayostahili kuelezwa kwa makini, kwa sababu inaonyesha jinsi tumaini lile lile linavyoweza kumjenga mtu au kumwangamiza.

Neno na chimbuko lake

Msingi wa fundisho hili ni sura ya nne ya waraka wa kwanza wa Mtume Paulo kwa Wathesalonike, ambamo Paulo anawafariji waumini waliokuwa wakiomboleza wafu wao. Kitenzi cha Kigiriki alichokitumia kina maana ya kukwapua kwa nguvu na kwa ghafla, na wafasiri wa Biblia ya Muungano, iliyotolewa mwaka 1952, walikipatia Kiswahili chake katika kitenzi kunyakua, ambacho kila mfuga kuku anakijua kwa kuwa ndicho kinachosemwa mwewe anaposhuka na kuondoka na kifaranga kabla mtu hajapata kuinua mkono. Wafasiri hao hao walitumia neno parapanda kwa tarumbeta itakayotangulia ujio huo, nalo likaingia masikioni mwa jamii za pwani zilizozoea tangu kale kukusanywa kwa baragumu na kusema kuwa mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Msikilizaji wa Kiswahili hakuhitaji kueleweshwa kwamba sauti ya pembe humwita mtu aache alichokishika.

Hata hivyo, wazo la unyakuo unaotangulia dhiki halikufundishwa na makanisa ya kale, ambayo yalikiri ujio mmoja wa Kristo na hukumu moja ya wanadamu wote. Mafundisho ya ujio wa hatua mbili yalipangwa na John Nelson Darby, kasisi wa zamani wa Kanisa la Ireland aliyekuwa kiongozi wa kundi la Ndugu wa Plymouth, kuanzia miaka ya 1830, kisha yakaenea Marekani, hasa kupitia Biblia yenye maelezo ya pembeni iliyohaririwa na Cyrus Scofield na kuchapishwa mwaka 1909.

Makanisa ya kwanza na mahesabu ya miaka

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin waliofika Dar es Salaam mwaka 1887 hawakuleta fundisho hilo. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo ni msingi wa imani yao, linapinga katika kifungu chake cha 17 dhana ya watakatifu kutawala dunia kabla ya ufufuo, na Kanisa Katoliki nalo limeikataa dhana ya utawala wa kidunia wa miaka 1,000. Katika makanisa hayo mawili makubwa yaliyojengwa karibu na bandari wakati wa utawala wa Wajerumani, mwisho wa dunia ulibaki kuwa sehemu ya ungamo la imani, ya majira ya Majilio na ya ibada za mazishi.

Hamasa ya nyakati za mwisho iliingia nchini kwa njia nyingine. Mwaka 1903 Waadventista Wasabato, ambao chimbuko lao ni vuguvugu la Mmarekani William Miller lililongoja ujio wa Kristo tarehe 22 Oktoba 1844 bila kuuona, walianza kazi yao katika milima ya Upare. Nao hufundisha hadi leo kwamba ujio huo utakuwa wa wazi, utakaoonekana na kila jicho, na kwamba hakuna unyakuo wa siri. Katika Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, Elliot Kamwana alihubiri mwaka 1908 na 1909 mafundisho ya shirika la Watch Tower yaliyotazamia mabadiliko makuu ya dunia mwaka 1914, na vuguvugu lililotokana na mafundisho hayo likavuka mipaka hadi kusini-magharibi mwa Tanganyika na Kongo kwa jina la Kitawala, jina linalobeba mwangwi wa neno la Kiingereza Tower pamoja na kitenzi kutawala. Kwa watu waliokuwa wakitozwa kodi na kulazimishwa kazi, habari kwamba utawala uliopo una mwisho ilikuwa na uzito ambao serikali za kikoloni ziliutambua upesi na kuuogopa.

Walokole na jiji la ruksa

Upentekoste, uliopata msukumo wake mkubwa katika mikutano ya mtaa wa Azusa jijini Los Angeles mwaka 1906, uliletwa Tanganyika na wamisionari mbalimbali, wakiwamo Waswidi waliofika Nzega mwaka 1932, nao ndio ulioufanya unyakuo kuwa neno la kila siku. Mbegu hiyo ilichipua kwa nguvu mjini katika miaka ya 1980, wakati mageuzi ya uchumi ya awamu ya Rais Ali Hassan Mwinyi yalipofungua milango ya biashara na Kariakoo, eneo lililopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Uingereza, Carrier Corps, likafurika vijana wa mikoani waliokuja kutafuta maisha. Mwaka 1989 Zachary Kakobe alianzisha kanisa la Full Gospel Bible Fellowship jijini, na mwaka 1991 Moses Kulola, mhubiri wa miaka mingi wa mikutano ya hadhara, alijitenga na kanisa la Tanzania Assemblies of God na kuanzisha Evangelistic Assemblies of God Tanzania. Wahubiri wa kizazi hicho waliwasomea wasikilizaji wao vita, njaa na janga la Ukimwi kama dalili za siku za mwisho, na kuwataka waokoke kabla parapanda haijalia.

Mahubiri ya aina hiyo hayajaisha mitaani. Jioni, maduka ya jumla ya mitaa ya Kongo na Msimbazi yanapoanza kushusha milango, huonekana mhubiri amesimama na kipaza sauti mkononi, spika ikiwa juu ya kiti cha plastiki, akipaza sauti kuwashinda machinga wanaonadi viatu na wasukuma mikokoteni wanaoomba njia. Mfano anaoupenda ni ule wa Biblia unaolinganisha siku hiyo na mwizi ajaye usiku, nao hauhitaji ufafanuzi mbele ya wafanyabiashara wanaolipa walinzi kukesha barazani, katika eneo ambalo jengo la soko kuu, lililokamilika mwaka 1975 kwa usanifu wa Beda Amuli, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Baada ya mfano huo hufuata maswali ya kawaida kabisa: mizani ni ya haki, deni limelipwa, ndugu aliyekosewa ameombwa radhi?

Kiama cha majirani

Mhubiri huyo huongea katikati ya majirani Waislamu, ambao nao wanaamini kurudi kwa Nabii Isa, fitina ya Masihi Dajali na siku ya kiama, neno la asili ya Kiarabu ambalo Wakristo wenyewe hulitumia. Wito wa toba kwa hoja ya mwisho wa dunia haukuwa mgeni pwani kabla ya Wapentekoste: mwaka 1908 ile iliyoitwa Barua ya Makka, iliyowaonya Waislamu kwamba dunia inakaribia mwisho, ilisambaa kutoka Lindi na kuwatia hofu maofisa wa Kijerumani. Katika miaka ya 1980 na 1990 mihadhara ya mlingano wa dini iliwakutanisha wasikilizaji wa pande zote mbili viwanjani, na ingawa mara nyingine ilizua uhasama, ilidhihirisha pia kwamba watu hao waligombana kwa msamiati wa pamoja.

Pale mtu anapotaja tarehe

Historia ya Afrika Mashariki imeonyesha kwa uchungu mahali ambapo tumaini hili hugeuka kuwa mtego. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu nchini Uganda, mamia ya wafuasi wa vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lililofungwa, baada ya utabiri wa mwisho wa dunia kupita bila kutimia. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wengi wao wakidaiwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu. Septemba 2025 dai la mhubiri mmoja wa Afrika Kusini kwamba unyakuo ungetokea tarehe 23 au 24 ya mwezi huo lilienea kwa kasi mitandaoni, na siku hizo zikapita kama nyingine.

Waraka wa Paulo wenyewe, katika sura inayofuata ile ya parapanda, unakataa kupanga nyakati, na waraka wa pili kwa Wathesalonike hao hao unawaamuru watu walioacha kazi warudi kazini na kula chakula cha jasho lao. Viongozi wa Kanungu na Shakahola waliwataka watu wauze mali, waache shule, wajitenge na jamaa zao. Mhubiri wa mtaa wa Kongo, asiyejua siku wala saa, humwacha msikilizaji wake arudi dukani kesho asubuhi kupima kwa haki, na hapo ndipo imani hii imeishi miaka yote bila kumdhuru mtu.