Kujitangaza Hadharani: Kutoka Jukwaani hadi Mtandaoni

Historia ya mapambano dhidi ya unyanyapaa wa UKIMWI barani Afrika, yaani mapambano dhidi ya tabia ya kumtenga na kumdhalilisha mtu kwa sababu ya ugonjwa, ni kwa sehemu kubwa historia ya watu waliokubali kuonekana. Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alirejea nyumbani na kutangaza kwamba ana UKIMWI, jambo ambalo hakuna mtu mashuhuri nchini humo aliyekuwa amethubutu kulifanya. Wengi walimtilia shaka kwa kuwa bado alionekana mwenye siha, na waliendelea kumshuku hadi mwili ulipodhoofika mbele ya wanafunzi na waumini aliozoea kuwatembelea; Desemba ya mwaka huohuo akafariki. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba ilibidi adhoofike ndipo aaminike, na picha ya mgonjwa aliyekonda, ingawa iliamsha huruma, ilizidisha pia hofu.

Afrika Kusini ilifuata njia nyingine. Desemba 1998, Gugu Dlamini wa KwaMashu, karibu na Durban, aliuawa kwa kipigo baada ya kueleza hadharani kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI. Vuguvugu la Treatment Action Campaign, lililoanzishwa mwezi huohuo kudai dawa, likasambaza fulana nyeupe zilizoandikwa kifuani, kwa herufi kubwa za zambarau, kwamba mvaaji ana virusi. Zilivaliwa na wenye virusi na wasio navyo pamoja, hata mtazamaji asijue amnyooshee nani kidole, na mwaka 2002 Nelson Mandela mwenyewe aliivaa huko Khayelitsha. Hapana shaka kwamba hiyo ndiyo mbinu iliyobuniwa kwa busara kuliko zote za enzi ile, kwa sababu ilimkinga mnyonge ndani ya umati.

Dawa za kufubaza virusi, ambazo huvizuia kuzaliana mwilini, ziligeuza mambo, kwani mtu anayezitumia ipasavyo hatofautiani kwa sura na jirani yake. Nchini Kenya, Asunta Wagura alikuwa ameanza kusimulia maisha yake ya kila siku akiwa na virusi katika safu ya gazeti la Daily Nation. Kizazi kilichofuata, akiwemo Doreen Moraa Moracha, aliyezaliwa na virusi na kujitangaza mwaka 2015, kimehamishia masimulizi hayo kwenye video na picha za mtandaoni. Mwanaharakati hujipamba, hutabasamu, kisha humeza kidonge chake mbele ya kamera saa ya dawa inapofika. Tangu 2016 ameongeza ujumbe uliothibitishwa kisayansi, kwamba mtu ambaye virusi vyake vimefubazwa hadi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenziwe kwa njia ya kujamiiana.

Hata hivyo anayejitangaza mtandaoni husimama peke yake, bila umati wa fulana kumzunguka, na matusi humfikia moja kwa moja hadi chumbani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inakataza kutoa majibu ya vipimo vya mtu bila idhini yake, lakini picha aliyoiweka mwenyewe mtandaoni hunakiliwa na kusambazwa na yeyote, hata miaka mingi baada ya yeye kuifuta.