Mwacha asili ni mtumwa, au mtumwa ndiye aliyeachishwa asili?

Ukihamia mtaani Umoja leo, jirani atakuuliza jina, kisha atakuuliza, "Kwenu ni wapi?" Mjibu kwamba kwenu ni Umoja One, uone atakavyocheka. "Aa, namaanisha ushago!"

Swali hilo ni la kawaida mno hata hatulitazami vizuri. Litazameni kisarufi. Jirani hakuuliza "Kwako ni wapi?" Kwako ni chumba unacholipia kodi mwisho wa mwezi. Kwenu ni wingi: kwa baba, babu, mashangazi na hata waliokwisha kuzikwa. Unaweza kuwa peke yako Nairobi, huna mke wala mtoto, bado utaulizwa kwenu kwa wingi. Kiswahili kinachukulia kwamba kila mtu ana watu wake mahali fulani.

Hali ni hiyohiyo kwa nyumba na nyumbani. Mwaka wa 1987 nchi nzima ilifuatilia kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong, kwenye shamba lao. Ukoo wa Umira Kager ukadai kwamba mwanamume Mjaluo huzikwa kwao. Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo ushindi na wakili akazikwa Nyalgunga, Siaya. Ukiondoa sheria na siasa zake, kesi ile iligota kwenye kiambishi kimoja: nyumba alikuwa nazo za kutosha, lakini nyumbani ni wapi?

Wengi wetu tuna jibu. Lakini wapo Wakenya ambao historia iliwanyang'anya jibu hilo, na jina la mmoja wao tunalitaja kila siku katika matatu za Eastlands.

Katika mitaa ya zamani ya eneo la Jogoo Road, mingine ina majina ya mahali, mingine ya matumaini, na mingine ina majina ya watu. Ofafa inamkumbuka Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka wa 1953. Mbotela inamkumbuka Tom Mbotela, mwanasiasa wa chama cha KAU aliyeuawa jijini Novemba 1952. Waulize vijana wa Umoja, "Mbotela ni jina la wapi?" Wengine watasema Pwani. Wenye umri wangu watamtaja Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa "Je, Huu ni Ungwana?", aliyetutoka Februari 2025. Yeye naye alizaliwa Freretown, Mombasa.

Pwani ni jibu la nusu tu. Ukoo huu ulifika Pwani kwa minyororo. Mwalimu James Juma Mbotela aliandika habari zake katika kitabu "Uhuru wa Watumwa", kilichochapishwa London mwaka wa 1934, ambacho wahakiki hukitaja miongoni mwa riwaya za kwanza za Kiswahili. Ni kisa cha watu wa pande za Nyasa waliotekwa, wakaswagwa hadi pwani, wakapakiwa chomboni, kisha wakaokolewa na manowari ya Waingereza na kupelekwa Freretown. Wapo wanaokilaumu kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi. Mimi nakithamini kwa jambo moja: ni jaribio la mwana wa mateka kujibu swali la "Kwenu ni wapi?" kwa lugha aliyoipata ugenini.

Freretown yenyewe ilianzishwa na wamishonari wa CMS mwaka wa 1875. Miaka miwili kabla, Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa ametia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini, baada ya ujumbe wa Sir Bartle Frere, ambaye jina lake likapewa kijiji. Mnara wa kengele ungali pale, na eneo lenyewe likabaki kuitwa Kengeleni. Waliosaidia kukijenga ni pamoja na Waafrika waliorudishwa kutoka India, ambao walikuwa wameokolewa baharini na kulelewa Nasik, karibu na Bombay.

Sasa tulinganishe na watu wengine waliovukishwa bahari bila hiari. Kati ya mwaka wa 1788 na 1868, Uingereza iliwasafirisha wafungwa zaidi ya 160,000 hadi Australia. Nyuma yao wakafuata maelfu ya maskini walolipiwa nauli wakafanye kazi huko. Leo mjukuu wao aliyeko Sydney anaweza kuketi chini na kumpata babu wa babu yake: alihukumiwa mahakama gani, alikuwa seremala au mchungaji, macho yake yalikuwa ya rangi gani, mkononi alichanjwa alama gani. Waliolipiwa nauli waliandikiwa hata majina ya wazazi wao na mahali walipozaliwa. Huko Uingereza kwenyewe, parokia ziliagizwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko tangu mwaka wa 1538, na usajili wa serikali ukaanza 1837.

Angalieni kinaya hiki. Mwizi wa kondoo aliandikwa jina kwa sababu, pamoja na makosa yake, alihesabiwa kuwa mtu mbele ya sheria. Mtu wa Nyasa, ambaye hakuiba chochote, alihesabiwa kuwa mali, na mali huandikwa kwa idadi. Alipofika mikononi mwa karani aliyejali kumwandika, tayari alikuwa na jina jingine.

Ndiyo maana majina ya Freretown yanasomeka kama tabaka za udongo. Chukueni hilo la James Juma Mbotela. James ni la ubatizo. Juma ni la Pwani ya Waislamu. Mbotela ndilo lililoshikwa na ukoo. Majina matatu, safari nzima ya vizazi viwili. Ambaye hakubaki na hilo la tatu, wajukuu wake wana kazi ngumu.

Lugha nayo ilichangia kufuta njia. Pwani, mtu akishatekwa bara ya kusini aliitwa Mnyasa, awe Myao, Mchewa au Mngindo. Mtoto aliyezaliwa utumwani aliitwa mzalia, neno linalokueleza alikozaliwa na kunyamaza kabisa kuhusu alikotoka. Mtafiti akikuta "Mnyasa" katika daftari la zamani asidhani amepata kabila. Amepata njia ya msafara tu.

Msidhani balaa hili ni la watumwa pekee. Kariokor, ambako wengi wetu hununua vyondo na viatu, ni matamshi yetu ya jina la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapagazi wale walikufa kwa maelfu, kwa maradhi na njaa kuliko risasi, na wengi hawakuandikwa popote kwa majina. Mwaka wa 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa Waafrika na Waasia walionyimwa heshima hiyo. Kisha kikaja kipande, ambacho sheria yake ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati: jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara. Kilikuwa kitanzi. Lakini bwana we, kwa mjukuu anayetafuta nasaba, kipande cha babu kikipatikana sandukuni ni hazina.

Kuna anayeweza kuniuliza, haya yote yana faida gani kwa mtu wa Umoja anayehangaika na kodi na karo? Yana faida, kwa sababu katika nchi hii asili si mapambo. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani. Wajukuu wao walizaliwa hapa, wakazeeka hapa, bila kitambulisho, kwa kuwa hawakuwa na jibu ambalo karani alilitambua. Oktoba 2016 walitoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kudai uraia, na wakaupata. Washona walifuata, kisha Wapemba. Wanubi wa Kibera wanajua vizuri maana ya kuhojiwa zaidi ya wenzako kwa ajili ya kadi ileile.

Na sisi wenye ushago tusijivune. Umoja ulipoanza kujengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo uliotoka Marekani, waliohamia walijua majina ya babu zao hadi kizazi cha tano au cha sita. Watoto wao waliyajua mawili. Wajukuu wao, wanaozungumza Sheng safi kabisa, wanajua "Guka" na "Kuka" na "Shosho", nao hawajui kwamba Guka alikuwa na jina. Hakuna manowari wala mnyororo uliowapokonya. Hatukuwaambia, basi.

Dawa yake si ghali. Mkalishe mzee wa kwenu, umwulize majina, wake kwa waume, maana nasaba za kina mama ndizo hupotea kwanza. Uliza pia maeneo: alizaliwa wapi, alihama lini, alifanya kazi kwa nani. Andika alivyotamka, usisahihishe. Kisha fuata karatasi: daftari la ubatizo la kanisa lake, kadi ya chama cha wafanyakazi, barua za shule. Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue ziko wazi kwa raia. Waliotokana na Freretown watakuta kumbukumbu nyingi za CMS zimehifadhiwa Birmingham, Uingereza, na huko nako maombi hupokelewa.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Wengine husema mwacha mila. Methali hii hutumiwa kuwakemea vijana wanaovaa suruali zilizochanika. Nionavyo mimi, historia ya akina Mbotela inatudai tuisome kinyume pia. Mtumwa hakuiacha asili yake, aliachishwa kwa nguvu, na akijaliwa kalamu aliitafuta hata katika lugha ya kigeni. Mwacha asili hasa ni yule aliye huru, mwenye babu aliye hai na simu ya kurekodi mfukoni, ambaye bado hajamwuliza chochote.