Dagoretti Haimo Kwenye Mafaili ya Nairobi

Ukitaka kutafuta habari za familia ya wakulima wa Dagoretti, jambo la kwanza ni kuisahau Nairobi. Riruta, Mutuini, Waithaka, Ruthimitu, Uthiru, zote ziliingizwa ndani ya mipaka ya jiji mwaka 1963. Kabla ya hapo zilikuwa wilaya ya Kiambu. Kwa hivyo ukishuka matatu Ambassadeur na kuingia Makavazi ya Kitaifa pale Moi Avenue, usiombe faili za Nairobi. Omba zile ambazo nambari zake zinaanza na DC/KBU. Usipojua hilo utashinda hapo siku nzima ukisoma habari za mitaro na ada za soko, na jioni utoke bila jina hata moja la kwenu.

Mimi nilikuwa natafuta mtu mmoja tu: dada yake guka, ambaye sisi wajukuu tulimwita Cucu wa Kona. Aliolewa, ndoa ikavunjika, akarudi Mutuini na watoto wawili, akapewa kona ya shamba alime. Shamba limesajiliwa kwa jina la guka peke yake. Wote wawili wameshafariki, na sasa kuna binamu zetu wanaosema kwamba watoto wa Cucu ni ahoi, yaani watu waliokaribishwa kulima tu, na anayekaribishwa anaweza kuagwa. Wenyewe wamelima kona hiyo tangu utoto. Mmoja wao ana miaka zaidi ya sabini.

Cucu hakuhesabu miaka kwa tarakimu. Alihesabu kwa riika na kwa njaa. Alisema babake alirudi Mutuini akiwa kijana, baada ya njaa ya Ruraya. Hiyo ni ile njaa kuu ya mwisho wa karne ya 19, iliyokuja pamoja na ndui. Watu wengi wa Kiambu ya kusini walikufa, na wengi waliosalia wakakimbilia kwa jamaa zao Murang'a. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, wakati huo huo. Wazungu waliokuja nayo wakaona mashamba yameota magugu, wakaandika kwamba ardhi ni tupu. Sentensi moja ya Cucu, "baba alirudi", inajibu kurasa nyingi za maafisa.

Jibu la namna hiyo lilitolewa pia mbele ya Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, iliyoanza kazi mwaka 1932. Ushahidi wake ulichapishwa katika mabuku matatu manene, na kwa mtu wa Kiambu ni hazina. Wazee wa mbari wanaeleza babu yao alinunua githaka kwa nani, alilipa mbuzi wangapi, mpaka unapita mto gani. Lakini usome kwa makini. Walikuwa wanatetea mali, na mtu anayetetea mali huunyoosha ukoo wake. Mimi huusoma ushahidi ule kama ninavyomsikiliza mjomba akieleza mahari iliyolipwa zamani: ukweli upo, ila si kila mbuzi alikuwepo. Halafu wanaozungumza karibu wote ni wanaume. Hata hivyo hawakupata walichotaka. Ripoti ilipotoka mwaka 1934 ilipendekeza madai ya ardhi nje ya rizavu yafutwe, na fidia itolewe kwa kuongeza ardhi kwingine.

Majina nayo yanachosha. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babake baba, kwa hivyo ukoo mmoja una majina mawili yanayopokezana kama zamu ya kuchota maji. Katika faili moja nilimkuta guka, kisha nikagundua ni guka wa guka.

Kutoka Makavazi nilikwenda maktaba ya McMillan, Banda Street, kutafuta magazeti. Maktaba ilifunguliwa mwaka 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma mpaka 1958. East African Standard, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1902 na A.M. Jeevanjee, limejaa familia za wakulima, lakini za walowezi: nani kauza shamba, nani kafika kutoka London, kahawa imepanda bei au imeshuka. Mfano wa karibu ni shamba la Karen Blixen, chini ya Ngong, lililouzwa mwaka 1931 na baadaye kukatwa ploti za mtaa wa Karen. Tuna barua zake, picha zake, nyumba yake, hata kitabu chake kinachowataja baadhi ya maskwota waliokuwa wakiishi shambani. Maskwota wenyewe hawakuacha kabati la barua. Guka alichuma kahawa ya wazungu akiwa mtoto, ilhali babake haruhusiwi kupanda hata mche mmoja. Kwenye gazeti, mtu kama yeye ni "kibarua" tu.

Gazeti la watu wetu lilikuwepo. Muigwithania lilianza mwaka 1928, mhariri akiwa Johnstone Kenyatta, likiandikwa kwa Kikuyu, na ardhi ikiwa moja ya habari zake kubwa. Serikali ililipiga marufuku mwaka 1940 pamoja na chama cha KCA kilichokuwa nyuma yake. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni tafsiri za Kiingereza ambazo maafisa waliagiza ili wajue Wakikuyu wanasemaje. Ndiyo hiyo nilisoma: maneno ya wazee wangu, kwa lugha ya waliokuwa wakiwachunguza. Cucu hayumo.

Nikafika miaka ya hamsini. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Mwaka 1954 watu walianza kuhamishiwa vijijini kwa nguvu, na mwaka huo huo ukaja mpango wa Swynnerton wa kuunganisha vipande vya mashamba, kuvipima upya na kumwandika mwenyewe. Wanaume wengi walikuwa kizuizini. Waliobaki ndio waliokaa kwenye kamati. Pale ambapo mbari nzima ilikuwa na haki, daftari likaandikwa jina moja, na nambari inayoanza na Dagoretti/Mutuini. Dada aliyerudi nyumbani hakuwa na mstari.

Wakili alinieleza jambo ambalo lilinipa moyo. Sheria ya ardhi iliyosajiliwa ya mwaka 1963 ilimpa aliyeandikwa nguvu kubwa, lakini tangu miaka ya sitini mahakama zimekubali kwamba kaka anaweza kuwa ameandikwa kwa niaba ya jamaa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba amana ya kimila inaifunga ardhi hata kama haikuandikwa kwenye daftari. Ila lazima uonyeshe kwamba ardhi ni ya jamaa, na kwamba unayemtetea ni wa jamaa hiyo. Ingesaidia sana kuonyesha alikuwa pale kabla ya kupimwa.

Nilimpata mahali ambapo sikupanga kutafuta, katika daftari la ubatizo la kanisa. Mwaka 1949, watoto wawili siku moja. Jina la mama limeandikwa kwa wino uliofifia. Safu ya baba ni tupu. Safu ya makazi inasema: kwa kaka yake, Mutuini.

Tuliweka nakala mezani kwenye kikao cha familia. Binamu mmoja akasema karatasi ya kanisa si hati ya shamba. Mwingine, mkubwa wake, aliishika muda mrefu, akauliza kama huyo mtoto wa pili ndiye yule aliyekuwa akimbeba mgongoni. Ndiye. Wakili amebaki na nakala mbili, na mpima ardhi anakuja Jumamosi kuangalia kona inaanzia wapi.