Somo la Historia: Bakuli la Mbwa

Walimu wa madarasa, tafadhali andikeni ubaoni maneno haya matatu: shayiri, biskuti, mizani. Tutayakuta mbele.

Historia si habari za wafalme na vita peke yake. Hata bakuli la mbwa lina historia yake, nami leo nataka tuitazame, kwa sababu ya jambo nililoliona karibu na nyumbani. Jirani yangu mmoja, mzee mstaafu, alikuwa na mbwa aitwaye Simba. Watoto wa mzee walipohamia mbali, Simba akawa ndiye mwenzake wa mezani. Mzee akila, naye alipewa tonge. Mzee akinywa chai, naye alipata kipande cha mkate. Baada ya miaka miwili Simba alishindwa kupanda ngazi tatu za baraza. Wengi wetu mbwa tunaowajua ni wembamba, mbavu nje, nasi hucheka tukisikia kwamba mbwa anaweza kuugua kwa kushiba. Lakini si jambo la kuchekwa.

Basi, tuanze na zamani. Mbwa ametokana na mbwa mwitu, mnyama wa kuwinda, ambaye leo hula na kesho hulala na njaa. Alipoanza kukaa na watu alikula walichobakiza. Watu walipokuwa wakulima, mbwa naye akajifunza kula nafaka. Mwaka 2013 wataalamu wa Sweden walionyesha kwamba mabadiliko hayo yameingia hata katika damu ya urithi: mwili wa mbwa una uwezo mkubwa kuliko wa mbwa mwitu wa kuyeyusha wanga, yaani chakula cha namna ya ugali na mkate. Na yule mwandishi wa Roma aitwaye Varro, aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliwashauri wenye mashamba wawape mbwa wao mkate wa shayiri uliolowekwa katika maziwa. Mbwa wale walikuwa wa kazi. Walikesha usiku wakilinda kondoo, na walichokula walikitumia.

Mambo yalianza kubadilika katika mji wa London. Karibu mwaka 1860 Mmarekani mmoja, James Spratt, alikwenda huko kufanya biashara. Husimuliwa kwamba aliona mbwa wa bandarini wakigombania biskuti ngumu zilizotupwa na mabaharia, akapata wazo. Akatengeneza biskuti za mbwa kwa ngano, mboga na nyama, akaziuza kwa watu wenye fedha. Hivyo mbwa alinunuliwa chakula chake dukani, nacho si masalio ya mtu.

Baadaye, hasa Marekani, ikaja nyama ya makopo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili bati lilihitajiwa kwa mambo ya vita, kwa hiyo makopo ya mbwa yalipungua na chakula kikavu kikaongezeka. Mwaka 1957 kampuni ya Purina ya Marekani ilianza kuuza chakula kikavu cha tembe, kilichopikwa kwa mashine na kufurishwa. Tembe hizo hazinuki, hazioki upesi, na kazi ya kumlisha mbwa ikawa ni kumimina tu. Hapo ndipo palipo na hatari. Tembe ni ndogo kwa macho lakini zimejaa nguvu, na mkono unaomimina haupimi. Tena mbwa wa mjini hana kondoo wa kulinda, hulala sebuleni.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo kiini cha somo. Mwaka 1987 kampuni hiyohiyo ilianza uchunguzi wa mbwa 48 wa aina ya Labrador. Waliwekwa wawiliwawili, ndugu wa tumbo moja, tangu walipokuwa watoto wadogo. Chakula kilikuwa cha namna moja. Tofauti ilikuwa kipimo tu: mmoja akipewa sehemu nne, ndugu yake alipewa tatu. Wakafuatwa hivyo maisha yao yote, hata wa mwisho alipokufa, na habari zao zikachapishwa mwaka 2002.

Katika kundi lililoshiba, nusu ya mbwa walikuwa wamekufa walipofikia umri wa miaka 11.2. Katika kundi lililopunguziwa, nusu walifikia miaka 13. Toeni wenyewe katika madaftari: tofauti ni miaka 1.8, karibu mwaka mmoja na miezi kumi. Kwa mbwa huo ni muda mrefu. Tena maumivu ya viungo yaliyohitaji dawa yalichelewa kwa miaka mitatu hivi. Mbwa walioshiba hawakuwa wanene wa kutisha. Mtu angewaona barabarani angesema wametunzwa vizuri. Nami huona ajabu kwamba habari hii ya kupunguza chakula ilitoka kwa muuza chakula.

Mtu atauliza, kwa nini mbwa mwingine haombi sana, na mwingine hashibi kamwe? Mwaka 2016 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, waligundua kwamba karibu Labrador mmoja katika kila wanne ana kasoro ya urithi inayomzidishia hamu ya chakula. Kwa hiyo macho yale ya kuomba si ushahidi wa njaa.

Nilimweleza mzee habari hizi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, unataka niambiwe na mbwa wangu kwamba nimekuwa bahili?" Sikuwa na jibu. Lakini kesho yake alimpeleka Simba kwa daktari wa mifugo, na hivyo ndivyo ipasavyo, kwa sababu yako maradhi yanayonenepesha bila kula sana. Daktari alimpapasa Simba ubavuni. Mbavu za mbwa mzima hugusika kwa vidole bila kukandamiza, na ukimtazama kutoka juu utaona kiuno. Simba hakuwa na kiuno. Akasema asinyimwe chakula ghafula. Apimiwe kwa kikombe kimoja kila siku, na cha mezani kihesabiwe pia, kisizidi sehemu moja katika kumi za chakula cha siku. Matembezi yaanze mafupi, jua likiwa halijawa kali. Uzito upungue polepole: kwa juma moja, sehemu moja au mbili katika kila mia.

Mizani ya mbwa hawakuwa nayo nyumbani, kwa hiyo walifanya hesabu mnayoweza kuifanya sasa hivi. Mzee alipanda mizani peke yake: kilo 71. Akapanda tena, Simba mikononi mwake, na mwanafunzi mmoja akimshika asianguke: kilo 104. Simba alikuwa na kilo ngapi? Na sehemu moja katika mia ya uzito huo ni gramu ngapi? Andikeni majibu yenu, mwalimu atayasahihisha.

Juma la tatu walipima tena. Mzee alikuwa kilo 71 vilevile, na wote wawili kilo 103. Sasa huenda naye hadi kisimani asubuhi, na tonge la mezani amelibadili kwa kipande cha karoti, ambacho Simba hukipokea, hukitazama kwanza, kisha hukila.

Kwa herini, wasikilizaji, mpaka juma lijalo.