Umbo la nyota halikutosha: mtandao wa ofisini ulivyopata kasi

Hebu fuata waya unaotoka nyuma ya kompyuta ya ofisini au ya maabara ya chuo. Utaishia kwenye kisanduku chenye taa zinazomwekamweka, na waya za wenzako nazo zinaishia hapohapo. Hiyo ndiyo nyota. Ukidhani nyota ilishinda kwa sababu ya kasi, ngoja kwanza.

Ethernet ilizaliwa mwaka 1973 kwenye maabara ya Xerox PARC, California, mikononi mwa Robert Metcalfe na David Boggs. Haikuwa nyota hata kidogo. Kompyuta zote zilining'inia kwenye kebo moja, zikiongea kama watu wa kijiweni: sikiliza kwanza, kukiwa kimya sema. Mkigongana, nyamazeni, kila mmoja asubiri muda wa kubahatisha, kisha ajaribu tena.

Miaka ya 1980 kebo ikawa nyembamba na bei ikashuka, lakini kero ikabaki: kiungio kimoja kikilegea, mtandao mzima unakatika, na fundi anapita meza kwa meza kukitafuta.

Nyota ilikuja kutibu kero hiyo. Kiwango cha 10BASE-T, cha mwaka 1990, kiliruhusu waya wa jozi zilizosokotwa, ndugu wa waya wa simu, kutoka kila kompyuta hadi kwenye habu, umbali wa mita 100 hivi. Waya ukikatika, anayepotea ni mtu mmoja tu.

Na kasi je? Ilibaki ileile. Habu haifikirii: kinachoingia mlango mmoja inakirudia kwenye milango mingine yote. Megabiti 10 kwa sekunde ziliendelea kugawanywa kwa wote, na migongano ikaendelea. Kwa macho ni nyota, kwa tabia ni kebo ileile.

Karibu wakati huohuo kampuni ya Kalpana ya Marekani ikaleta swichi ya Ethernet yenye milango mingi. Swichi husoma anwani ya anayetumiwa, kisha hupeleka ujumbe kwenye mlango wake tu. Piga hesabu: kompyuta 10 zinaongea mbilimbili. Kwenye habu, jozi zote 5 zinagombania megabiti 10. Kwenye swichi, kila jozi inapata 10 zake, jumla 50. Umbo halijabadilika, kilichobadilika ni kilichokaa katikati.

Ila usishangilie mapema. Kompyuta zile 9 zikiielekea seva moja, zote zinabanana kwenye waya wa seva, na 50 zako zinarudi kuwa 10. Ndiyo maana swichi nyingi baadaye zilipewa mlango mmoja au miwili yenye kasi kubwa kuliko mingine.

Kwa hiyo mtandao ukiwa mzito, kabla hujanunua waya mpya, uliza: wote tunapitia wapi? Mara nyingi foleni iko hapo.