Kiharusi Hakingoji Mtu

Hapa kwetu Ufipa mtu akianguka ghafla, mdomo ukaenda upande na mkono ukalegea, mara nyingi neno la kwanza kusikika uani ni kwamba kuna mtu kamchezea. Na hali mji mkuu wa mkoa wetu ni Sumbawanga, jina ambalo wazee hutueleza kuwa maana yake ni tupa uchawi!

Wala hatuko peke yetu. Kati ya mwaka 2003 na 2006 wataalamu waliwahesabu wagonjwa wapya wa kiharusi katika sehemu za wilaya ya Hai na jiji la Dar es Salaam, wakapata 636. Baada ya kusawazisha umri, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Hai 109. Uchunguzi mwingine ukauliza watu chanzo chake. Waliotaja zaidi majini na uchawi walikuwa wa mjini. Wa Hai walitaja zaidi presha na vyakula vya mafuta.

Kwa miaka mingi hata daktari hakuwa na la kufanya. Mwaka 1927 Egas Moniz wa Lisbon alifanikiwa kupiga picha ya eksirei ya mishipa ya ubongo. Mwaka 1971 mashine ya CT-scan ilimpima mgonjwa wa kwanza huko London, na tangu hapo ikawezekana kutofautisha mshipa ulioziba na ule uliopasuka. Jambo hilo si dogo, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda yaweza kumwokoa wa kwanza na kumwua wa pili. Faida ya dawa hiyo ilithibitishwa kwa utafiti Marekani mwaka 1995, lakini ilitakiwa ichomwe kabla ya saa 3 kupita. Tena mshipa mkubwa ukiziba, mara nyingi bonge huishinda dawa.

Ndipo madaktari walipoigeukia stenti, kibomba cha waya kilichosukwa kama wavu, ambacho tayari kilitumika kupanua mishipa ya moyo. Kikiachwa ndani ya ubongo, mgonjwa hana budi kupewa dawa za kuzuia damu isigande juu yake, nazo zaweza kuleta damu kuvuja. Basi wakabuni njia nyingine: stenti ipitishwe kwa mrija mwembamba kutoka kwenye paja, ifunguliwe ndani ya bonge, kisha ivutwe itoke nalo, kama mvuvi wa Kasanga avutavyo wavu wake.

Mwaka 2013 majaribio 3, yaliyotumia zaidi vifaa vya zamani, hayakuonyesha faida. Wengi walikata tamaa. Lakini mwishoni mwa 2014 Uholanzi ilitoa matokeo ya wagonjwa 500: katika kila 100 waliovutwa bonge, 33 hivi waliweza kujitegemea tena, katika wasiovutwa, 19. Mwaka 2018 ikaonekana kuwa baadhi ya wagonjwa waliochaguliwa kwa picha hunufaika hata wakichelewa mpaka saa 24.

Kwetu Msanzi, Dar es Salaam iko zaidi ya kilometa 1,000. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, huweka stenti za moyo, kwa hiyo ufundi wa mirija si mgeni nchini. Lakini ubongo hausubiri basi: kila dakika mshipa mkubwa ukiwa umeziba, seli zipatazo milioni 1.9 hufa.

Basi, ndugu zangu, tuanze na kilicho karibu. Presha ndiyo chanzo kikubwa, na hupimwa kwa dakika chache. Aliyeandikiwa vidonge asiviache kwa sababu tu anajisikia mzima. Na siku ikitokea, angalieni saa ilipoanza, msimnyweshe mgonjwa kitu, mkimbizeni hospitali. Kumtafuta mchawi kwaweza kungoja. Mgonjwa hawezi.